Saa Sita Mchana, Mlango Umefunguliwa

Wapendwa, mnanijua mie ni fundi wa kamera. Leo sikusimama kujisifu.

Mwaka jana nilifunga kamera na sensa za milango, zile zinazotoa taarifa mlango ukifunguliwa, kwenye ghala la samaki Kunduchi. Mwenye ghala anakaa Mikocheni, alitaka aone kila kitu kwenye simu yake. Siku ya tatu tu, simu ikaanza kelele: mlango wa chumba cha baridi umefunguliwa. Saa sita mchana, kila siku! Ukifungua kamera, giza. Picha ikirudi, mlango umefungwa.

Nikabadilisha waya, nikabadilisha sensa, nikapanda ngazi mpaka magoti yakavimba. Wapi! Bosi akaniuliza, "Fundi, tatizo ni vifaa vyako au mlinzi wangu?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimechoka, na niliogopa kupoteza kazi. Nikajibu, "Mitambo haidanganyi."

Mlinzi, mzee wa watu, akaniambia, "Binti yangu, mlango sijaugusa. Halafu saa hiyo mashine ya barafu..."

Nikamkatiza. "Mzee, fundi ni mie."

Kesho yake akaondolewa.

Mnadhani kelele zilikoma? Thubutu! Mlinzi mpya, saa sita ile ile, simu inalia.

Nikaenda, nikakaa mbele ya ule mlango tangu asubuhi. Saa sita mashine ya barafu ikanguruma, umeme ukashuka, kile kiboksi kinachounganisha kamera na sensa kikazima, kikawaka upya. Simu ikalia: mlango umefunguliwa. Na mlango huu hapa, na kufuli lake!

Nililia, jamani. Nikampigia bosi. "Kosa ni langu." Alinifokea weee, kisha akasema, "Kamrudishe mwenyewe."

Kwenda peke yangu nilishindwa. Dada mmoja wa humu ndani, anajijua, akanisindikiza hadi nyumbani kwa mzee, Temeke.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba radhi."

Akaitikia, "Marahaba. Ilikuwa ile mashine, siyo?"

Alirudi kazini. Mashine nimeivutia laini yake ya umeme, kiboksi nimekiwekea betri, na simu imetulia. Lakini mke wa mzee mpaka leo haitikii salamu yangu, na simlaumu.

Asante, dada yangu. Asante kwa bosi aliyenifokea akanipa nafasi, na kwa yule mzee. Nyie mnaofanya kazi kwenye maeneo ya watu, muulizeni kwanza anayeshinda pale. Na akianza kusema, mwacheni amalize.