Picha ya Moyo wa Triza

Matatu zilikuwa zimeadimika asubuhi hiyo pale steji ya Kware, na watu wanaochelewa kazini huambiana mambo ambayo hata jirani hajui. Mbele yangu, mwanamke mwenye kadi ya kiwanda shingoni, iliyoandikwa Triza, alikuwa akimsimulia mzee mmoja mwenye kanzu na furushi la vitambaa.

"Ndugu yangu Opicho alianguka akicheza mpira, akafa papo hapo. Nyumbani wakasema amerogwa. Daktari akasema ni moyo, tena ugonjwa wa kurithi, sisi ndugu tuliobaki twende tupigwe picha ya moyo. Nilienda peke yangu."

"Wakaona nini?"

"Kovu. Moyo wangu ungesimama siku yoyote, na sikuwa nahisi hata maumivu! Wiki ijayo wananiwekea kifaa cha kuushtua ukisimama. Kabla ya hapo nimekatazwa kukimbia. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, hata Opicho namshukuru."

"Shukuru Mungu, inatosha," mzee akasema. "Siku imeandikwa, mama. Hakuna picha ya kuifuta."

"Na huyo daktari akili alipewa na nani?"

Hapo matatu ikafika. Tukaikimbilia, mimi nilitumia viwiko. Triza peke yake alikuja akitembea, polepole kama bibi harusi. Nikiwa kitini nilimwona mzee amejipachika mlangoni, mguu mmoja chini, akimfokea makanga aliyetaka gari iondoke: "Gari haiendi! Siku ya huyu mama haijafika!"