Mama Tanuri na Kikapu Kitupu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuamka jogoo akiwa bado anakoroma, mwokaji mkuu wa kiwanda chetu kidogo cha mikate, Mama Tanuri, anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita. Wageni waalikwa mtakuwa mmeshaona kwamba kwenye sherehe hii ya watu wa mikate, mezani hakuna mkate hata kipande. Tuwieni radhi. Sababu ipo, na inamhusu yeye.

Alianza kama mwosha trei, enzi hizo kiwanda kikiwa chumba kimoja kilichowahi kuwa saluni, mashine ya kukaushia nywele bado inaning'inia juu ya unga. Alipanda cheo haraka kwa uhodari wake, na pia kwa sababu mwokaji aliyemtangulia alipiga chafya kila alipofungua gunia.

Hatuwezi kumsimulia bila kumtaja Tajiri, mwenye kiwanda, mtu mkarimu, mcheshi, mwenye ndoto zisizoingia mlangoni. Kila mwaka mpya Tajiri hupanda juu ya gunia la unga na kututangazia malengo. Mwaka mmoja alisema kabla ya miezi mitatu kwisha, kila nyumba mjini itakula mkate wetu. Usafiri wetu wakati huo ulikuwa baiskeli moja yenye pedali moja. Mwaka uliofuata akasema mikate yetu italiwa ndani ya ndege, akajinunulia na kofia ya rubani. Tukaoka kama tulivyoagizwa. Mikate ikajaa stoo hadi darini, ikakauka, na jirani yetu fundi viatu akaomba mmoja wa kuzuilia mlango wake. Anao mpaka leo.

Hapo ndipo Mama Tanuri alipoweka sheria yake: anayetangaza lengo ndiye atakayekula kitakachobaki. Tajiri akacheka, akakubali mbele ya mashahidi. Wiki ya pili kicheko kilikuwa kimekwisha, mkanda haufiki tena, anafunga suruali kwa kamba ya magunia. Lengo la mji mzima likashuka likawa la mtaa, la mtaa likawa la shule na zahanati, na mwishowe Tajiri akapanda gunia, akashusha pumzi, akasema, "Jamani, trei moja zaidi mwezi huu, halafu tuone." Tukaona. Mwezi uliofuata tukaongeza nyingine. Kwa mwendo huo wa kobe tulipata tanuri la pili, na pedali ya pili.

Sheria haikumbagua mtu. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye kazi yake ni kufunga mikate, aliwahi kutamba kwamba skonzi za tangawizi zitakwisha kabla ya saa sita mchana. Mpaka sasa akisikia harufu ya tangawizi huvuka barabara.

Mama Tanuri naye ilimbana. Kwa kuwa ndiye aliyepanga tuoke mikate mingapi, iliyobaki jioni ilikuwa yake, na hakupata kurudi nyumbani bila mkate. Mumewe, fundi baiskeli, ameila ikiwa imechomwa, imelowekwa kwenye maziwa, imetumbukizwa kwenye supu. Kila aliyempelekea pancha alisikia lalamiko lile lile: "Mimi nilioa mke, nikaletewa mkate." Basi Mama Tanuri akaapa kwamba kabla ya kustaafu, walau siku moja tu, atarudi na kikapu kitupu. Kuoka michache ili iishe mapema alikataa katakata, maana muuguzi wa zahanati hutoka zamu jioni sana, na hastahili kukuta rafu tupu.

Jana ilikuwa nafasi ya mwisho. Hata mikate ya sherehe hii aliiuza. Tulipomwomba aiweke pembeni alisema mkate uliowekwa pembeni ni mkate uliobaki, hata ukipewa jina zuri. Jioni ukabaki mmoja. Sisi wafanyakazi tulikatazwa kununua. Tajiri alijaribu kumtuma mpita njia, akafukuzwa kwa ufagio. Muuguzi haonekani. Mlango ukashushwa nusu, Mama Tanuri akanyoosha mkono kuuchukua ule mkate, uso umemshuka, na roho zilituuma sote. Ndipo tukaona viatu vyeupe chini ya mlango. Muuguzi alipolipa tulishangilia kwa kelele hata maskini akatimua mbio bila chenji yake. Tajiri alilia, akasingizia unga.

Mama Tanuri akaenda nyumbani akikipunga kikapu kama mtoto aliyefunga shule. Mumewe alikuwa ameshamimina chai. Akafunua kitambaa, akachungulia, akamtazama mkewe, akauliza kwa huzuni, "Sasa chai tunanywa na nini?"

Leo tanuri limezimwa kwa heshima yake, ndiyo maana nanyi mnakunywa chai kavu. Fundi baiskeli, aliyeketi safu ya mbele, anaujua uchungu wenu.

Mama Tanuri, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kuota ndoto tunazoweza kuzimaliza. Tunakupenda. Asubuhi hii Tajiri ametangaza kwamba utaletewa trei nzima kila siku, ikisindikizwa na bendi ya tarumbeta. Ulimtazama tu. Akashuka kwenye gunia, akafikiri, akapanda tena: mkate mmoja, wa moto, kila jioni, mlangoni kwenu. Maisha yako yawe mema, na ulale mpaka jua likuchokoze machoni. Huo mkate mmoja tunauweza.