Upande wa Pili wa Shuka

Wasikilizaji wapendwa, sikukuu imepita, vyombo mmeshaosha. Kaeni tuongee. Leo namkumbuka dobi wa hospitali, mama wa binti mmoja. Wengi walimwita Mama Mashuka. Alifariki wiki tatu kabla ya Krismasi. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na sita.

Katika miaka hiyo ishirini na sita, hakuna Krismasi aliyokaa kanisani. Ratiba ikibandikwa, anajiandika tarehe ishirini na tano kabla mtu hajauliza. Wenzake walimtania: "Mama Mashuka, hata mashine zinataka likizo."

"Mgonjwa hapumziki kukojoa," akawajibu.

Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Siku ya Krismasi alikuwa peke yake. Basi alibana pembe mbili kwenye mlango wa kabati, akavuta mbili zilizobaki. Akiulizwa nani alimsaidia, alisema, "Mwenzangu yupo. Hachoki, wala haombi chai."

Binti yake, fundi cherehani, hakucheka. Aliniambia: "Nilimwekea nafasi kanisani tangu utoto. Naweka mkoba kwenye benchi. Mtu akiuliza, nasema mama yuko njiani. Miaka yote hiyo nadanganya nyumbani kwa Mungu."

Siku moja alimfokea. "Mama, Mungu hayuko kwenye sabuni."

"Wewe ulishamtafuta huko?" Kisha mama akapunguza sauti. "Yule mtoto alizaliwa zizini, mwanangu. Nepi zake alifua nani? Huyo aliyezifua hana hata wimbo."

Mwaka huu mama alikubali kuja kanisani. "Niwekee nafasi, nakuja." Wiki tatu kabla, presha ikamwangusha jikoni, chai ikiwa bado motoni.

Krismasi ilipofika, binti aliweka mkoba kwenye benchi. Mazoea. Mzee mmoja akauliza, "Pana mtu hapa?" Binti akatafuta ule uongo wake, hakuupata. Akachukua mkoba, akatoka, akaenda hospitali kwa miguu.

Chumba cha dobi kilikuwa na mlima wa mashuka na mama mmoja mgeni kazini, anahangaika na mashine. Binti aliweka mkoba chini. Alichukua shuka, akabana pembe mbili kwenye mlango wa kabati, akavuta.

"Lilikaza," aliniambia. "Lilikaza kama limeshikwa. Nikasimama pale, sikutaka kulilegeza."

Yule mgeni akamuuliza, "Dada, unafanya nini na kabati wakati mimi nipo?" Akaja, akashika zile pembe mbili. Wakakunja mpaka saa nane mchana.

Fundi wetu, pole sana. Poleni na nyie wa chumba cha dobi. Mimi sipendi kulia redioni, kwa hiyo nasema moja tu. Wasikilizaji wapendwa, kuna mtu juzi alivuta shuka peke yake. Unamjua. Nenda ukashike upande wa pili.