Dereva Aliyeipa Filamu Sauti: Mzee Silvesta Wanyonyi

Tarehe 30 Aprili Mzee Silvesta Wanyonyi ataegesha basi la wafanyakazi kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi hapa Doha. Wasifu wake rasmi umebandikwa kwenye ubao wa kampuni. Una picha nzuri na unasema hajawahi kupata ajali, jambo ambalo ni kweli. Huu wetu ni wa watu kumi na wanne tulioalikwa chakula cha mchana mtaa wa Al Mansoura, nao una mambo ambayo ubao ule hauyawezi. Ukishakula, rudisha nakala yako kwa Husna. Husna ni mimi, mpanga zamu wa yadi ya mabasi ya Abu Hamour, na nitazihesabu.

Alifika mwaka 1999 akitokea Kimilili, Bungoma, akiwa na leseni, Biblia, na ahadi kwa mkewe Edith kwamba atarudi baada ya miaka miwili. Basi alilopewa halikuwa na kipaza sauti, kwa hiyo akawa anatangaza vituo mwenyewe, kwa Kiswahili cha redio ya zamani: "Waheshimiwa abiria, tunakaribia hotelini. Mnaosinzia, malizieni." Walinzi wa Uganda, wasafishaji wa Tanzania, hata Wanepali wasiojua neno, wote walinyamaza akisema.

Kosa lake kubwa kazini linajulikana. Mwaka 2011 alichukua wasafishaji wa hoteli akawashusha kwenye mafunzo ya walinzi. Waliona haya kuuliza, wakafunzwa siku nzima. Melissa, aliyeketi leo karibu na sufuria ya pilau, bado ana cheti cha kukabiliana na wavamizi.

Sasa tuje kwenye filamu. Kitinda mimba wake, Chelsea, ni mtengenezaji wa filamu Nairobi, wa kujitegemea, maana yake hana kampuni wala mtu wa kumtetea. Alitengeneza filamu ya makala kuhusu wanaume wawili wapendanao, fundi cherehani na mwalimu wa hesabu, walioishi nyumba moja miaka kumi na tisa. Aliwaita Eugene na Japheth, ingawa hayo si majina yao. Nyuso zao hazionekani. Tunaona mikono, migongo, meza ya chakula. Filamu ya namna hiyo inabebwa na msimulizi, na wasimulizi watatu walikubali kisha wakaogopa. Ndipo Chelsea alipomtumia baba yake maandishi.

Wiki mbili zikapita. Siku ya kumi na tano alimpigia. "Nimesoma," akasema. "Ukurasa wa sita, Kiswahili chako kimekosea."

Tulirekodi asubuhi za Ijumaa nne, kabla ya ibada, ndani ya basi, yadi ikiwa tupu. Kiyoyozi kilinguruma mno, ikabidi kizimwe. Ilikuwa Juni ya mwaka juzi, na mnaijua Juni ya hapa. Tulirekodi dakika tatu, tukawasha tupumue, tukazima tena. Kazi yangu ilikuwa kushika simu. Nilidhani ni mahubiri, hadi alipofika mahali fundi anampenda mwalimu kwa sababu alimshonea suruali fupi kimakosa na mwalimu akaivaa hivyohivyo mwaka mzima.

"Mzee," nikasema, "hawa ni wanaume wawili."

"Najua kuhesabu, Husna. Shika simu."

Sikuishika vizuri siku ile, nilikuwa nachungulia lango la yadi. Hapa jambo kama hilo likifika ofisini, mtu hupandishwa ndege bila kuaga. Nilimuuliza kwa nini mzee wa kanisa ajitie humo. Alikuwa anakunywa maji ya chupa, shati limemganda mgongoni. "Mimi nimempenda Edith kwa simu tangu 1999," akasema. "Hawa wanagombana mezani kila jioni kuhusu chumvi. Nimesoma nikawaonea wivu."

Filamu haikuingia kwenye kumbi kubwa. Chelsea aliipeleka kwenye vyumba vya nyuma vya saluni, kwenye gereji, sebuleni kwa watu, wageni ishirini hapa, thelathini pale. Mama mmoja Nakuru aliuliza huyo msimulizi ni mchungaji wa wapi, akahudhurie.

Kisha kipande cha dakika moja kikafika Doha, kwenye simu za madereva. Sauti ile nani asiijue? Wengine waliacha kumsalimu. Kanisani walimwondoa kwenye zamu ya kusoma neno. Akaendelea kuketi safu ya tatu kila Ijumaa, akiimba kwa nguvu kuliko kwaya. Msimamizi wetu, Wesley, aliniita akanichezea kipande hicho. "Husna, huyu si Silvesta?" Nikajibu kwamba wazee wote wa Bungoma wana sauti hiyo, ni maji ya kule. Wesley, ambaye kwao ni Webuye, Bungoma hukohuko, alikicheza tena hadi mwisho. "Ni maji," akasema, akakifuta.

Wiki hiyohiyo mlinzi mmoja, mtu mzima, alisubiri wenzake washuke wote. "Mzee, nimeiona," akamwambia. "Nimeiona mara tatu." Mzee alimjibu ashuke polepole, ngazi ina maji. Lakini safari iliyofuata alitangaza vituo viwili ambavyo basi letu halipiti.

Aliyekuwa hajaiona ni Edith. Aliposikia habari yake mara ya kwanza alikata simu, na mwaka mzima hakuitaja. Februari mwaka huu, Chelsea aliionyesha kwenye saluni moja mjini Bungoma, na mama yake akaja kwa sharti la kuketi karibu na mlango. Aliketi hadi mwisho. Kisha akampigia mumewe.

"Silvesta, wale wamekaa pamoja miaka kumi na tisa. Sisi, tangu uende huko, tumekaa mingapi?"

Walihesabu likizo moja baada ya nyingine, yeye kwenye kalenda, Mzee kwenye mihuri ya pasipoti. Ilitoka miezi ishirini na mitano. Mkataba wa Mzee ulikuwa umebakiza miaka miwili. Kesho yake alfajiri aliniletea barua ya kustaafu niipeleke kwa Wesley, imekunjwa mara nne, ina kosa moja la Kiswahili. Sikulisahihisha.

Mzee Silvesta, asante kwa kutufikisha kazini na kuturudisha, na kwa kuwasemea watu wawili ambao hamjawahi kuonana. Edith anasema haji uwanja wa ndege na maua, anakuja na orodha ya milango isiyofungika. Nenda salama. Tunawaombea afya na siku nyingi za kawaida kabisa: mkae hadi mchoshane, kisha mkae tena.