Mukiriya aliyekataa matabishi

Usinikunjie uso kabla sijamaliza. Wewe unaamini bei ya dola unayoambiwa barabarani, halafu miye nikisema mutu wa kule mutaa wa Himbi alikataa matabishi, unanitazama kama nimelewa. Alikataa. Olive, binti ya dada yangu, anauza maharagi hapa Majengo. Alimupimia makopo yake, juu yake akamwagia mikono miwili ya bure, ndiyo matabishi, kama tunavyofanya wote, na yule bwana akairudisha mu gunia. Kesho yake akarudi: anataka gunia nzima kila juma, ya kupikia watu mu restora yake. Leo asubuhi alipaswa kupita kuchukua jibu. Akilikosa, angepanda Munigi kwa wauzaji wengine. Na maharagi ya Olive yameanza kutobolewa na dudu.

Wazee wawili walikuwa mu kibanda changu cha kahawa, juu ya benchi yao ya siku zote: Niyibizi, tunayemwita Redio, na Balagizi, tunayemwita Préfet, kama mukubwa wa shule, kwa sababu aliwahi kushika funguo za shule. Olive akauliza akubali ao akatae. Nikamimina kahawa.

Redio akaanza polepole. Yule ni mutu wa kodi, anachunguza faida.

— Mutu mwenye kukatala cha bule, iko na mushahara wa siri.

Préfet akatikisa kikombe.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Huyu anapunguza kibaba. Munaona kusudi?

Hatukuona. Akaeleza: restora haiko. Atanunua magunia mpaka Olive apoteze wakiriya wake wanaonunua kopo moja moja, kisha atatoweka, na maharagi yataota mu nyumba.

Hiyo ilikuwa na akili kidogo, nikaogopa. Lakini Redio hapendi kushindwa. Akashusha sauti: yale maharagi yaliyorudishwa yalisemewa kitu cha uchawi mu mukono wa yule bwana, na sasa yanaita watu wa Majengo, mumoja mumoja, waende kununua kwingine.

Olive akakaa chini, akamutazama Redio.

— Basi niitupe gunia yote, papa?

— Usitupe, mama. Utuletee siye wazee, tuikule. Dawa haitushikake.

Hapo yule bwana akaingia, kofia ya pikipiki mukononi. Alikuwa amesikia yote pale mulangoni. Hakukasirika. Akauliza tu:

— Wazee, hapa nani ananunuaka kwa huyu mama?

Redio akamutazama Préfet. Préfet akatazama ndani ya kikombe. Kila jioni hao wawili wanapita kwa Olive kuomba ya kuonja, hawalipi, na ya kuonja yao inajaza sufuria; gunia zikienda restora, haitajaa tena.

Kwa nini alikataa matabishi, hakusema, na miye bado simwamini. Lakini dudu haingoji mutu aaminiwe.

— Olive, funga gunia. Miye natangulia Himbi, nione kama hiyo restora iko na moto.

Nikatia chupa ya kahawa kwapani, nikawapisha Olive na yule bwana, nikatoka. Mulango nikaufunga, wazee wakiwa ndani.