Pelikile Yenye Ilibakia mu Apareyi ya Habumugisha

Mapendo, funga mulango. Luc, weka mukono ku Biblia, na weye Mapendo pia, muape: haya nitasema haitatoka mu hii nyumba mbele ya siku ya kunizika. Munacheka nini? Ni kweli, mimi Emérita mudomo yangu haijawekaka siri hata dakika tano, ha ha haa! Lakini hii moja nimeifunga miaka mbili, na njo inanimaliza kuliko hii kikohozi.

Musikilize, batoto ya kaka yangu. Shamba ya maharagi ya Burungu ni ya Mapendo. Nyumba na mbuzi ni ya Luc, na mukigombana nitarudi kuwachapa. Sasa mufungue ile sanduku. Ile ni apareyi ya kupiga picha ya papa yenu, Habumugisha.

Mulikuwa badogo. Huku Masisi hakuna mariage ilipita bila yeye, hata padri alikuwa anamungoja asogee, njo avalishe bantu pete. Kisha Sylvain, ule kijana wa hapa kwetu, akatoka ku migodi ya Bisie na apareyi numérique, ile inaonesha picha palepale ku kioo, na bantu bakamuzunguka sawa nzi ku maziwa. Sikumuchukia juu ya ile. Kila muntu atafute kazi yake.

Lakini ku mariage ya Kibabi, famille ya bibi-harusi ilisema: Sylvain hapana, tunataka picha za kushika mu mukono. Papa yenu akapiga makumi tatu na tano, ng'ombe za mahari, bibi-harusi analia, zote, akabakisha moja ya wakati ya kukata gâteau, akaweka apareyi ku kiti, akaenda kunawa akule. Sylvain akafungua apareyi nyuma, jua ikaingia ku pelikile, ule mukanda wenye unashika picha, ikaunguza zote, akafunga tena pole, akaenda kucheza. Muntu moja tu alimuona, akanyamaza. Picha zikarudi kutoka Goma nyeupe pe, hata uso moja haikuonekana! Bantu bakaanza: "Eh Habu, siku ile ulipiga bamalaika?" Hakuna mwenye alimuita tena, isipokuwa mama ya Sylvain, alimulazimisha apige mariage ya binti yake. Nilishangaa sana. Papa yenu alipiga kumi na mbili, ule mama anacheza mpaka kitambaa inaanguka. Na hakutumaka Goma pelikile yenye haijajaa, akangoja mariage ingine ya kuijaza. Haikukuja, pelikile ikabakia mu apareyi. Akaenda Walikale kuchimba mawe, udongo ikamufunika, tukazika shati yake tu.

Luc, usilie, wacha nimalize.

Sylvain naye, wakati ya kukimbia vita, balimuibia ordinateri na picha zote ndani. Mama yake amekufa, hana hata picha yake moja ya kuweka ku kaburi. Njo sababu kila siku ya Mungu anakuja hapa na sukari: "Tantine, nipe ile pelikile, Kampala kuko muntu anasafisha bado, anatoa picha." Namuambia, ngoja, mwanangu. Na sukari yake nakunywa, ha ha...

Maji. Kidogo.

Siku ya kunizika atakuja. Mumuweke mbele, mumupe chakula ya muzuri. Akimaliza kunawa, Luc, toa apareyi inje, ku jua, bantu bote banaangalia, fungua nyuma. Vuta pelikile yote, mpaka mwisho. Usimutukane. Sema tu: "Papa anakusalimia."

Mungu awabariki... mikono yenu isikose kazi, nyumba yenu isikose kicheko. Nishike, Mapendo. Munataka kujua nani aliniambia? Ule mwenye aliona, pale Kibabi. Alikuwa ku kitanda sawa mimi sasa, alilia, akaniomba nisamehe. Nikamuambia: ndiyo, lala, imeisha. Nilimudanganya. Muifungue tu... Ni Anastasie aliniambia. Mama yake Sylvain.