Mzee Yunusi Mbena Anaiacha Meza ya Kung'arishia Shaba

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Mzee Yunusi Shomari Mbena anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya shaba hapa Kichangani kwa miaka thelathini na mmoja. Nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu nimekaa naye meza moja miaka kumi na minne. Kuna jambo moja ndani ya habari hizo ambalo limeninyima raha wiki nzima, na nitalifikia.

Alianza kazi mwaka 1993 akitokea Mkuyuni, akisugua matarumbeta ya bendi na vinara vya mishumaa vya makanisa ya huku milimani. Muislamu huyu anavijua vinara vya parokia zetu kuliko mimi niliyebatizwa Mgeta. Mwaka 2017 mteja mmoja wa Dar es Salaam alituletea sigara za mvuke, zile ambazo vijana wanaziita vepu, zenye mwili wa shaba nyekundu. Zikishikwashikwa zinafifia na kuota ukijani. Wengi wetu tulidhani ni tochi. Mzee Yunusi aliigeuza moja mkononi, akauliza inaingia mdomoni upande gani.

Swali hilo ndilo lililozaa utaratibu wetu. Betri inatolewa kwanza na kuwekwa mbali na maji. Kifaa kinafunguliwa chote na kusuguliwa kwa limau na chumvi laini, kisha dawa ya kung'arishia inapakwa kwa nje tu, kwa kipande cha fulana iliyochakaa. Stilwaya hairuhusiwi hata kukaa mezani. Kikishaoshwa kwa maji ya moto na kukauka, Mzee Yunusi anagusa sehemu ya kuvutia kwa ncha ya ulimi. Akionja chochote, kinarudi kwenye beseni.

Mwezi wa Ramadhani hakuweza kuonja mchana, ndiyo maana nikafundishwa mimi. Mwaka wa kwanza aliagiza kazi yangu iwekwe pembeni, akaionja upya baada ya Idi, na akarudisha vifaa tisa. Alisema ulimi wangu umeharibiwa na kabichi za Mgeta.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mwezi wa tano mwaka huu tulisafirisha vifaa arobaini kwenda Dar. Vitatu vilibaki mezani kwa kukosa maboksi, na vyote Mzee Yunusi alikuwa ameshavipitisha. Kwa mazoea tu nikaonja kimoja. Kilikuwa kichungu kwa dawa. Nikaonja cha pili, nikaonja cha tatu, mambo yale yale.

Nilikaa kimya siku mbili, na kwa hilo naomba radhi hapa hapa. Niliogopa kumvunjia heshima mtu aliyenifundisha kazi, na wakati huo huo nilimfikiria mtu huko Dar anayeweka dawa ile mdomoni. Siku ya tatu nikampa shikamoo, nikamwekea kifaa mbele yake. Akaonja, akasema ni safi. Nikakata limau, nikamwomba alambe. Alilamba.

"Felista, mwanangu, haya ni maji," akasema.

Hakungoja nimshauri. Alikwenda mwenyewe kwa meneja wetu, Bi Raya, akaeleza kila kitu, akasema huenda ulimi ulimpotea tangu ile homa yake ya mwezi wa nne. Vifaa thelathini na vinane vilirudi kwa basi. Viwili vilikuwa vimeshauzwa, na waliovinunua walipatikana baada ya siku nne. Kwa bahati wote wawili walikuwa wazima. Mmoja alilalamika uchungu tu na kukiweka kabatini. Mzee Yunusi, aliyekuwa astaafu Desemba, akaomba aondoke sasa.

Habari hii sikuiweka kwenye nakala ya kwanza. Nilipomsomea, aliniuliza mwezi wa tano umekwenda wapi. Nikamwambia ni sherehe, watoto wake watakuwepo. Akasema iandikwe, kwa kuwa atakayekaa mezani pale anatakiwa ajue kwamba ulimi unaondoka bila kuaga.

Atakayekaa pale kuanzia Jumatatu ni mimi. Nimemwomba Bi Raya aweke mtu wa pili wa kuonja baada yangu. Akaniuliza kama nahisi tatizo lolote. Nikamjibu kwamba hata Mzee Yunusi hakuhisi, akakubali.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ukweli wako. Tunakuombea afya njema, usingizi mzuri na mavuno ya kutosha huko Mkuyuni. Usiwe na wasiwasi na kazi uliyotuachia. Tutaonja mara mbili.